Jina la mama kwenye vitabu vya waimbaji

SEHEMU YA 1

Utaratibu wa ukurasa huu mnaujua: katikati ya wiki ni chanjo, lishe, homa za usiku na kunyonyesha. Jumapili ni historia. Leo tunaongelea vitabu, ila siyo vya dawa. Ni vitabu vinavyoorodhesha waimbaji wa nyimbo za Injili wa Kusini mwa Marekani: nani alizaliwa wapi, alifundishwa na nani, aliimba na nani, alitunga nini. Ndani yake kuna jambo linalomhusu kila mwanamke aliyewahi kuitwa "Mama Fulani". Lakini nivumilieni kwanza nianze na muziki wenyewe.

Kama kwenu kulikuwa na babu mwenye santuri au kaseti za Jim Reeves, basi muziki huu umeshiriki kukulea. Jim Reeves alikuwa mwimbaji wa kantri, lakini nyimbo zake za dini, kama This World Is Not My Home, zinatoka kwenye kapu hilihili. Wamarekani wanauita Injili ya Kusini. Usichanganye na Injili ya Wamarekani weusi, ile ya kina Mahalia Jackson. Hizi ni ndugu waliolelewa nyumba mbili tofauti, na huko mbele tutaona walikutana wapi.

Muziki huu ulikua vijijini, Tennessee, Alabama, Georgia, Arkansas, Texas, kwa watu wa pamba na mahindi. Piano nyumbani hakuna, na hela ya mwalimu wa muziki hakuna. Sasa walijifunzaje kuimba sauti nne? Mwalimu wa kuzunguka alifika kijijini, akakaa siku kumi au wiki mbili, mara nyingi wakati kazi za shamba zimepungua, akawafundisha wazee kwa watoto kusoma noti. Wakaiita shule ya uimbaji. Na noti zao zilikuwa na maumbo: do ni pembetatu, mi ni almasi, sol ni duara, la ni mraba. Mfumo wa maumbo saba ulitolewa na Jesse Aikin mwaka 1846. Ukiona umbo, unajua sauti. Wenzangu wa kwaya mmeshaelewa, maana hata sisi solfa ndiyo iliyotuokoa. Mtu hajawahi kugusa kinanda, lakini mpe d r m f s l t, kufikia Jumamosi ameshaibeba sauti yake ya tatu bila kumsumbua mwenzake wa besi.

Kijiji kikishajua kusoma noti, kinahitaji vitabu vya nyimbo. Hapo biashara ikaingia. James D. Vaughan wa mji wa Lawrenceburg, Tennessee, alikuwa mchapishaji wa vitabu hivyo, na mwaka 1910 alipata wazo: akawalipa wanaume wanne wazunguke makanisani na kwenye mikutano ya uimbaji wakiimba nyimbo za kitabu chake. Watu wakipenda, wananunua. Yaani yale makundi ya wanaume wanne wenye suti zinazofanana yalianza kama wauza vitabu! Hilo hunifurahisha kila nikilikumbuka.

Baadaye makundi yakawa makubwa kuliko vitabu. Blackwood Brothers walianza mwaka 1934 Mississippi, wakafika kujulikana nchi nzima. Tarehe 30 Juni 1954 ndege yao ilianguka Clanton, Alabama, wakafa waimbaji wao wawili, R.W. Blackwood na mwimbaji wa besi Bill Lyles. Waliobaki waliendelea. Mwaka 1958 Gladys Presley, mama yake Elvis, alipofariki, Blackwood Brothers ndio walioimba kwenye mazishi yake, kwa sababu mama huyo aliwapenda. Na Elvis mwenyewe, huyo mfalme wa rock, tuzo zote tatu za Grammy alizoshindania akashinda zilikuwa za nyimbo za Injili. Watu wengi hawaamini ukiwaambia.

SEHEMU YA 2

Sasa vitabu.

Muziki ukiwa na watunzi mamia, walimu mamia na makundi yanayozaliwa na kufa kila mwaka, mtu anaanza kuuliza: huyu ni nani? Mwaka 1937 Ottis J. Knippers alitoa kitabu cha nani ni nani miongoni mwa waimbaji na watunzi wa Kusini, Who's Who Among Southern Singers and Composers. Fikiria mwaka wenyewe. Marekani ilikuwa bado kwenye njaa ya ule mdororo mkubwa wa uchumi, wakulima wanahama mashamba, na huku mtu anakaa kukusanya maisha ya walimu wa uimbaji wa vijijini. Wengi wa watu wa namna hiyo hakuna gazeti la mjini lingewaandika.

Halafu kikapita kipindi kirefu. Mwaka 1971 vikatoka vitabu viwili: The History of Gospel Music cha Jesse Burt na Duane Allen, huyu Allen akiwa mwenyewe mwimbaji wa Oak Ridge Boys, na Gospel Song Writers Biography, wasifu wa watunzi, ambacho nitakirudia maana ndicho kilichonifanya niandike haya yote. Mwaka 1978 Lois Blackwell akaandika historia yake, The Wings of the Dove. Mwaka 1979 Robert Anderson na Gail North wakatoa ensaiklopidia. Mwaka 1990 Bob Terrell akasimulia makundi ya wanne katika The Music Men. Mwaka 2002 mwanahistoria James Goff akatoa Close Harmony, na hiki ndicho ningekuambia uanze nacho kama unasoma Kiingereza na una subira, kwa sababu kinakueleza hela ilitoka wapi na ilikwenda wapi, siyo sifa tu. Mwaka 2005 ikatoka Encyclopedia of American Gospel Music iliyohaririwa na W.K. McNeil, jitabu zito.

Vile vya mwanzo viliandikwa na watu wa ndani. Mchapishaji anaandika kuhusu watunzi wake, mwimbaji kuhusu waimbaji wenzake. Kwa hiyo usitegemee sana kukuta madeni, ugomvi wa kugawana mapato, wala ndoa zilizovunjika. Ni kama hotuba ya msibani: marehemu wote walikuwa watu wazuri. Lakini mimi sivibezi. Tarehe ya kuzaliwa ni tarehe ya kuzaliwa, na jina la mwalimu aliyekufundisha ni jina la mwalimu. Msomi wa 2002 asingekuwa na pa kuanzia kama wale wa 1937 na 1971 wasingeokota kwanza.

SEHEMU YA 3

Hapa ndipo nilipotaka tufike.

Kile kitabu cha wasifu wa watunzi cha 1971 kilikusanywa na watu wawili. Mmoja ni Videt Polk, mtunzi. Mwingine jina lake limeandikwa hivi: Mrs. J.R. (Ma) Baxter.

Soma tena taratibu. Mke wa J.R. Baxter, kwenye mabano "Mama". Jina la kwanza ni la mume. Jina la pili ni la heshima. Jina alilopewa na wazazi wake halipo. Na hiki ni kitabu ambacho kazi yake yote ni kuhifadhi majina ya watu!

Aliitwa Clarice. Clarice Howard kabla ya kuolewa. Mume wake, J.R. Baxter, aliyeitwa "Pap", aliungana na Virgil O. Stamps miaka ya 1920 wakajenga kampuni ya Stamps-Baxter, makao makuu Dallas, Texas. Kampuni hii ndiyo iliyokuja kuwa kubwa kuliko ya Vaughan kwenye vitabu vya noti za maumbo. Stamps alifariki 1940. Baxter akaendesha mpaka alipofariki 1960. Halafu nani akashika? Clarice. Kampuni ya uchapishaji, watunzi wanaosubiri malipo, makundi yanayosubiri vitabu, shule ya uimbaji ya kila mwaka, vyote mikononi mwa mjane wa zaidi ya miaka 60. Aliendesha mpaka kifo chake 1972, mwaka mmoja baada ya kitabu kutoka. Mwaka 1974 kampuni ikauzwa kwa Zondervan.

Miaka kumi na miwili ya uongozi, na kwenye jalada bado ni mke wa mtu.

Najua kuna atakayeniambia "Nesi, ndiyo ulikuwa utaratibu wa zamani, usilaumu". Silaumu. Marekani ya wakati ule mwanamke mwenye heshima zake aliandikwa kwa jina la mume, na pengine yeye mwenyewe alilipenda. Sisi nasi tuna wetu. Naenda kitandani kwa mgonjwa, nauliza jina, naambiwa "Mama Junior". Naomba jina lako wewe, mama. "Andika tu Mama Junior, watanijua." Nani atakujua? Daftari la MTUHA halimjui Junior, maabara haimjui Junior, na kama kuna Mama Junior watatu wodini na damu ya mmoja imerudi na majibu, hapo heshima inageuka hatari. Nalipenda jina la Mama Fulani, naitwa hivyo mtaani kwetu na naitika kwa furaha. Ninachotaka ni kwamba lisikae peke yake kwenye karatasi.

Na ukishaiona hii kwa Ma Baxter, unaanza kuiona kote. Familia ya Speer wa Alabama waliimba kuanzia 1921, baba, mama na baadaye watoto wao wanne. Baba aliitwa Dad Speer na mama Mom Speer. Angalau kwa hawa ilikuwa sawa kwa sawa! Mama huyo ni Lena Brock, wa ukoo wa waimbaji kabla hajaolewa, na kama hujui Brock hutajua kwamba muziki uliingia nyumba ile kwa milango miwili.

Wengine ni Chuck Wagon Gang wa Texas. Hawa mama wenye watoto wadogo mtawaelewa. Mwaka 1935 Dave Carter, baba wa watoto wengi, mtu wa vibarua vya pamba, alikuwa Lubbock na mtoto mgonjwa nyumbani, hela ya matibabu hana. Akaenda kwenye kituo cha redio cha KFYO kuomba nafasi ya kuimba na wanawe. Wakapewa. Yaani kundi ambalo lingerekodi miaka karibu arobaini na kampuni ya Columbia lilianzia kwenye bili ya mgonjwa. Kila nikimwona baba amesimama dirisha la malipo anahesabu noti mara mbili, namkumbuka huyu.

Waliimba wanne: Dave, mwanawe wa kiume Ernest, na mabinti Lola na Effie. Ila ukifungua ensaiklopidia utawakuta kama Dad, Jim, Rose na Anna, majina ya redioni. Effie akawa Anna, na akaolewa na Howard Gordon aliyepiga gita la kundi, akawa Anna Gordon. Baada ya kufiwa akaolewa na Jimmie Davis, aliyewahi kuwa gavana wa Louisiana, akawa Anna Davis. Mwanamke mmoja, sauti ileile ya alto, majina manne. Sasa mtoto wa shule anayetaka kumtafuta aanzie herufi gani? Hii ndiyo kazi ya kitabu kizuri cha rejea: kukwambia Effie Carter ni huyohuyo Anna Davis. Kitabu kibovu kinakupa watu wawili au hakikupi yeyote.

Na mama yao? Anaitwa Carrie. Yeye na Dave walikutana kwenye shule ya uimbaji, kwa hiyo noti alizijua. Kwenye kundi hakuwemo.

Kuna waliofika mlimani na jina lao zima, nisije nikawaonea. Eva Mae LeFevre alikaa kwenye piano ya kundi la wakwe zake na jina lake likajulikana vizuri tu. Vestal Goodman, mwili wa kutosha, kitambaa mkononi, sauti ya kutikisa mabati, alipata tuzo ya kwanza kabisa ya Dove kwa mwimbaji wa kike mwaka 1969. Vestal hakuhitaji mtu amweleze kwa jina la Howard, mume wake. Ukisema Vestal, imetosha.

SEHEMU YA 4

Hii sehemu ya mwisho ni ngumu kidogo. Kama una mimba changa au umepoteza mtoto karibuni, unaweza kuiacha kwa leo, sitakasirika.

Nilisema kuna mahali zile nyumba mbili, ya Injili ya wazungu wa Kusini na ya Wamarekani weusi, zilikutana. Zilikutana kwenye wimbo Take My Hand, Precious Lord. Mtunzi wake ni Thomas A. Dorsey, Mmarekani mweusi, mtoto wa Georgia aliyehamia Chicago, ambaye kabla ya Injili alikuwa mpiga piano wa muziki wa blues. Agosti 1932 alisafiri kwenda St. Louis kuimba kwenye mkutano wa kanisa. Mke wake alibaki Chicago na mimba ya miezi ya mwisho. Ikaja telegramu: mke amefariki katika kujifungua. Mtoto wa kiume alizaliwa hai, naye akafa muda mfupi baadaye. Dorsey alisimulia kwamba aliwazika katika jeneza moja. Wimbo aliutunga siku chache baada ya hapo.

Miaka hiyo, sheria na desturi za ubaguzi ziliwatenga watu makanisani, kumbini, kwenye mabasi. Lakini wimbo ulivuka. Ukaingia kwenye vitabu vya Stamps-Baxter, kampuni ileile ya Clarice na mumewe, ukaimbwa na wazungu wa vijijini kwa noti za maumbo. Elvis aliurekodi, Jim Reeves naye aliurekodi, na kwa mikono hiyo ukafika hata kwetu. Ndiyo maana nakipenda kile kitabu kizito cha 2005, kimewaweka wote kwenye alfabeti moja. Blackwood na Brumley, Cleveland na Dorsey, jalada moja. Kwa miaka mingi kila upande ulikuwa na vitabu vyake kana kwamba hawajawahi kusikilizana.

Turudi kwa yule mama. Karibu kila mahali anapotajwa, anatajwa kwa sababu alikufa. Yeye ndiye sababu ya wimbo. Sentensi moja, halafu mwandishi anaendelea na mume.

Aliitwa Nettie Harper. Alikuwa mtunza mavazi wa jukwaani wa Ma Rainey, yule mwimbaji mkubwa wa blues, katika msafara uleule ambao Dorsey aliongoza bendi. Ndiye aliyepiga pasi, akashona kilichochanika na kuhesabu nguo za thamani mji baada ya mji. Walioana 1925. Alikuwa na kazi, safari na hela yake kabla ya kuwa sentensi kwenye wasifu wa mtu mwingine.

Kama nesi siwezi kupita hapo bila kusimama. Miaka ile ya 1930 mwanzoni, Marekani, nchi tajiri, ilipoteza wanawake zaidi ya 600 kwa kila vizazi hai 100,000, na kwa wanawake weusi hali ilikuwa mbaya zaidi ya hapo. Dawa za salfa za kutibu maambukizi ya uzazi zilikuwa bado hazijafika wodini. Penisilini kwa wagonjwa wa kawaida ilisubiri miaka ya 1940. Benki ya kwanza ya damu ya hospitali nchini humo ilifunguliwa Cook County Hospital mwaka 1937, na hospitali hiyo iko Chicago, mji uleule aliofia Nettie miaka mitano nyuma. Sisemi ukosefu wa damu ndio uliomuua. Nasema mjue wodi ya wakati ule ilikuwa na nini mkononi.

Kwetu Tanzania, utafiti wa 2015/16 ulitoa vifo 556 kwa vizazi hai 100,000, na ule wa 2022 ukatoa 104. Hizi namba mnazisikia redioni zinapita. Kila moja ilikuwa mtu aliyekuwa na jina la kuzaliwa, na nesi fulani aliliandika, au aliandika Mama Junior.

Kwa hiyo kazi ya wiki hii, kwa wale mnaoipenda historia. Kila familia ina mwimbaji wake: bibi aliyeongoza sauti ya kwanza parokiani, shangazi wa kwaya ya usharika, mama mkwe aliyetunga nyimbo za harusi ambazo kijiji kizima kinaziimba bila kujua ni zake. Chukua daftari la watoto, ukurasa mmoja. Andika jina lake la kuzaliwa kwanza, halafu la kuolewa, halafu Mama nani. Alizaliwa wapi na mwaka gani, hata kama ni mwaka wa njaa au wa mafuriko, andika hivyohivyo, mjukuu atautafuta. Nani alimfundisha. Aliimba sauti ipi. Nyimbo alizotunga, hata mbili. Kama yupo hai mpigie simu leo jioni muulize mwenyewe, usimwachie kaka yako, maana kaka ataandika "mama yetu" na kuishia hapo.

Mtakaopenda, wekeni jina moja hapo chini kwenye maoni. Jina kamili tafadhali. Jumatano tunarudi kwenye surua, na wale wenye watoto wa miezi tisa na wa mwaka mmoja na nusu, mje na kadi zenu.